Ng'ombe mmoja, kihamba na shamba la chini: mwongozo kamili wa kuvifanya vilishane

Zunguka nyuma ya banda la ng'ombe la mkulima yeyote wa mteremko wa Kilimanjaro, uingie kihambani, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Migomba iliyo hatua kumi kutoka bandani ina mikungu mizito inayohitaji kuegemezwa kwa nguzo. Udongo wake ni mweusi, na ukifukua kwa kidole unakuta nyungunyungu. Sasa tembea hatua sitini kwenda chini. Mbegu ni ileile, lakini shina ni jembamba na majani ya chini yameshaanza kuwa ya njano. Ukiendelea kushuka hadi shamba la mahindi kule tambarare, hutaona dalili yoyote kwamba mwenye shamba hilo ana ng'ombe.

Maswali ninayoulizwa zaidi ni mawili. La kwanza: "Nina ng'ombe, nina samadi, mbona mahindi bado ni ya njano?" La pili: "Mbona maziwa yanapungua kila kiangazi?" Yote yana chanzo kimoja. Mabua yanapanda kutoka shamba la chini, yanaliwa bandani, na samadi inaishia kwenye migomba ya jirani na banda. Hakuna kinachoshuka. Shamba la chini limekuwa likimlisha ng'ombe miaka na miaka bila kulipwa.

Mwongozo huu ni wa mwenye ekari moja hadi tatu, ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa wanaolishwa bandani, na mvua mbili kwa mwaka: masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Walioko Meru, Usambara au milima mingine watabadilisha tarehe tu. Fuata hatua kwa mpangilio wake, maana wengi wanaokwama walianzia hatua ya nne.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Daftari na kalamu
- Jembe, panga kali, beleshi, jembe uma na toroli
- Vipande vya mabingobingo (majani ya tembo) vyenye pingili tatu: kama 4,000 kwa nusu ekari
- Mbegu ya desmodiamu (mmea wa malisho wa jamii ya kunde), kilo moja kwa ekari
- Mbegu au miche ya kaliandra (mti wa malisho), hadi miti 500 kwa ng'ombe mmoja
- Saruji, mchanga na kokoto za sakafu ya banda
- Pipa lenye mfuniko la kukingia mkojo
- Turubai moja kubwa, au bati chakavu za kufunika samadi
- Sanduku la mbao lisilo na kitako wala mfuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45
- Debe la lita 20 la kupimia
- Jiwe la chumvi la kulamba, pumba na mashudu ya alizeti

Kama fedha haitoshi vyote, anza na mbegu za malisho na saruji. Ng'ombe atasubiri.

## Hatua ya 1: Andika kinachotoka na kinachorudi

Chora vipande vya ardhi yako kwenye daftari: kihamba, kipande cha majani, shamba la chini. Chini ya kila kimoja piga mstari katikati. Kushoto andika kinachotoka kwa mwaka, kulia kinachorudi.

Kwa wengi ukurasa unasomeka hivi. Shamba la chini: magunia ya mahindi, maharage na mizigo ya mabua vinatoka, hakirudi kitu. Kipande cha majani: mzigo kila siku unatoka, hakirudi kitu. Kihamba: mikungu na kahawa vinatoka, samadi yote inarudi.

Kipande cha majani ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Watu hudhani majani hayahitaji mbolea kwa kuwa ni majani. Kumbe kila mzigo unaoukata unaondoka na naitrojeni na potasiamu. Mabingobingo yasiyorudishiwa kitu huanza kutoa machipukizi membamba kila baada ya kukatwa, halafu mashina yanakufa moja moja.

Umefanikiwa ukiweza kuutazama ukurasa huo na kusema samadi ya mwaka huu inadaiwa wapi.

## Hatua ya 2: Panda malisho miezi mitano kabla ya ng'ombe

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua mtamba (ng'ombe jike ambaye hajazaa) mwezi Novemba, nikapanda mabingobingo wiki hiyohiyo. Kufika Februari nilikuwa nanunua majani ya kubebwa kichwani, mzigo kwa mzigo, na mbavu za mtamba zinahesabika. Majani yalipokuwa tayari yeye alishadhoofika, na ilimchukua karibu mwaka mzima kushika mimba. Ndiyo sababu nasisitiza hatua hii.

Kiasi. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji chakula kikavu karibu kilo 12 kwa siku. Mabingobingo mabichi yana maji mengi, hivyo kilo 12 kavu ni sawa na kilo 60 hivi za majani mabichi. Kama huna chakula kingine, tenga ekari nzima kwa ng'ombe mmoja. Ukiwa na mabua, mabaki ya migomba na kaliandra, nusu ekari inatosha, mradi uipe mbolea.

Mabingobingo. Panda mvua zinapoanza. Mstari hadi mstari mita 1, shina hadi shina nusu mita. Laza kipande kwa mshazari, pingili mbili ardhini na moja juu. Kwenye mteremko panda kwenye kingo za matuta, kukata ardhi kwa ubavu. Hapo yanazuia udongo kuhama na hayachukui nafasi ya chakula chenu.

Kata mara ya kwanza baada ya miezi mitatu au minne. Baadaye kata kila wiki sita hadi nane, yakiwa usawa wa kiuno, ukibakiza kisiki cha kama upana wa kiganja. Yakipita kimo cha mtu yanakuwa mabua: ng'ombe anachambua majani na kukuachia fimbo.

Desmodiamu. Hii hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, na mabingobingo mistari mitatu kuzunguka shamba. Wengine huuita mtindo wa sukuma-vuta, na ulianzia kwa watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu nchini Kenya. Harufu ya desmodiamu inawafukuza nondo wanaotaga mayai ya bungua wa mabua, na mabingobingo ya pembeni yanawavuta huko. Mizizi yake huivuruga mbegu ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ikaota mahali isipoweza kuishi. Tena ni jamii ya kunde, kwa hiyo inaongeza naitrojeni ardhini na ni chakula kizuri cha ng'ombe. Mbegu yake ni ndogo mno. Changanya na mchanga mkavu kabla ya kuimwaga kwenye mfereji mwembamba, kisha ifunike kidogo tu.

Lakini tazama shamba lako kwanza. Desmodiamu hudumu ardhini miaka. Kama shamba la chini linalimwa kwa trekta kila msimu, itang'olewa. Kama mifugo ya watu huingia humo baada ya mavuno, italiwa hadi kwenye mizizi. Katika hali hiyo ipande kihambani na kwenye kipande cha majani, na shamba la chini uchanganye mahindi na ngwara au mbaazi.

Kaliandra. Panda kama ua kwenye mpaka, mti hadi mti nusu mita. Loweka mbegu kwenye maji ya baridi siku mbili ziote vizuri. Anza kuvuna ikitimiza mwaka hivi, ukiikata usawa wa mita moja. Katika majaribio yaliyofanyika Embu, Kenya, kilo 3 za kaliandra mbichi zilifanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha dukani. Ukimpa kilo 6 kwa siku, miti 500 inakutosha mwaka mzima. Mpe ikiwa mbichi, siku hiyohiyo, maana ikinyauka hameng'enyi vizuri.

Tahadhari. Usichukue mbegu ya mabingobingo kwenye shamba lenye mashina yaliyodumaa na majani ya njano, au yanayotoa vichwa vyeusi vya masizi. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na yote husafiri na kipande unachokipanda. Ukiyaona kwako, ng'oa shina na mizizi yake, uchome.

Umefanikiwa ukiwa na kipande kilichofikia kiuno, kingine goti na kingine kinachochipua, vyote kwa wakati mmoja. Ukivuna kwa zamu hivyo hutakosa mzigo wa kesho.

## Hatua ya 3: Jenga banda linalokamata mkojo

Mavi yanaonekana, ndiyo maana watu huyakusanya. Mkojo unazama ardhini na haukumbukwi. Ng'ombe wa kilo 400 hutoa kama kilo 20 za mavi na lita 10 au zaidi za mkojo kwa siku. Karibu nusu ya naitrojeni yote anayoitoa imo kwenye mkojo, na sehemu kubwa ya potasiamu pia. Migomba ni mlaji mkubwa wa potasiamu. Ukiwa na banda la udongo mtupu unatupa nusu ya samadi kila siku, kabla hata hujashika beleshi.

Mahali. Chagua upande wa juu wa kihamba ili mkojo na maji ya kuoshea yashuke yenyewe. Kaa mbali na kisima, walau mita 30, na upepo usipeleke harufu jikoni.

Sakafu. Mwaga zege lenye mteremko wa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, kuelekea nyuma ya ng'ombe. Kabla halijakauka, buruta ufagio mgumu juu yake liwe na mikwaruzo. Sakafu laini humtelezesha ng'ombe, na ng'ombe aliyevunjika nyonga hana dawa. Nyuma weka mfereji wa upana wa beleshi unaoishia kwenye pipa lenye mfuniko. Huna saruji mwaka huu? Shindilia mawe na udongo wa mfinyanzi, weka matandiko manene na uyabadilishe kila siku.

Kitanda. Mita 2.2 kwa 1.2 humtosha ng'ombe mmoja kulala bila kugeukia kwenye mavi yake.

Paa. Maji ya paa yasiingie bandani wala kwenye lundo la samadi. Weka mfereji wa bati uyapeleke kwenye tenki, ndiyo maji ya kumnywesha.

Matandiko. Majani makavu ya migomba, mabaki ya mabua aliyoyakataa, maganda makavu ya kahawa. Kazi yake ya kwanza ni kunyonya mkojo. Maranda ya mbao tumia kidogo, maana huchelewa mno kuoza.

Umefanikiwa ukiingia alfajiri na paja la ng'ombe ni kavu, na hakuna harufu inayochoma macho. Harufu hiyo ni naitrojeni inayoruka hewani. Ukiisikia, ongeza matandiko.

## Hatua ya 4: Mlete ng'ombe, umlishe kwa ratiba

Chagua mtamba au ng'ombe chotara aliyezoea kulishwa bandani, na mwite afisa mifugo amkague kabla ya kulipa. Muulize kuhusu chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Kumfungia bandani kunapunguza kupe lakini hakuwamalizi, kwa kuwa majani ya kando ya barabara huja nao.

Kata mabingobingo jioni, yanyauke usiku, umpe asubuhi. Yakipungua maji anakula mengi zaidi. Yakatekate vipande vifupi, sentimita 3 hadi 5, asichambue. Wakati wa kukamua mpe kama kilo moja ya mchanganyiko wa madebe mawili ya pumba kwa debe moja la mashudu. Jiwe la chumvi lisikosekane.

Maji yawepo muda wote. Anayekamuliwa hunywa lita 60 na zaidi kwa siku, na kila lita ya maziwa inadai lita 4 hadi 5 za maji. Wengi wanaolalamikia maziwa kidogo wana ndoo mbili asubuhi na mbili jioni. Kabla hujanunua dawa au kubadili chakula, ongeza maji kwa wiki moja uone.

Shina la mgomba ni kiburudisho, si mlo. Zaidi ya tisa ya kumi yake ni maji. Likatekate, changanya na mabua makavu, na lisizidi robo ya anachokula. Machicha ya mbege (pombe ya ndizi) nayo ni kidogo kidogo, tena yakiwa mapya.

Mambo manne ambayo yameua ng'ombe wa watu:

- Mtama mchanga, au mtama ulionyauka kwa ukame kisha ukachipua upya, una sumu. Subiri upite kimo cha mtu.
- Majani ya jamii ya kunde yenye umande, kama lusini, yanajaza tumbo gesi. Yanyaushe kwanza, uyachanganye na majani ya kawaida.
- Mahindi yaliyopuliziwa dawa ya viwavijeshi usimpe mabua yake kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kupita.
- Mahindi au mabua yenye ukungu yana sumukuvu, na sumu hiyo huingia kwenye maziwa wanayokunywa watoto. Kinachoonekana na kuvu, choma.

## Hatua ya 5: Hifadhi chakula cha kiangazi shambani, siku ya mavuno

Mabua yanayoachwa yamesimama hadi Septemba yana thamani ya fimbo. Jua na mchwa vimeshachukua majani, na majani ndiyo chakula.

Vuna mahindi yakikauka, na wiki hiyohiyo kata mabua, uyasimamishe kwa mafungu siku chache kisha uyapeleke kivulini. Yapange juu ya mbao au mawe yasiguse ardhi. Yakatekate kabla ya kumpa, na nyunyizia maji yenye chumvi kidogo. Atayala karibu yote.

Majani ya ziada ya msimu wa mvua yakaushe siku mbili tatu, ukiyageuza, yabaki na rangi ya kijani. Weka kamba mbili ndani ya lile sanduku, jaza, kanyaga kwa miguu, jaza tena, funga. Robota moja iliyoshindiliwa vizuri ina kama kilo 20. Hesabu siku za kiangazi chako, uandike daftarini unahitaji marobota mangapi.

Usiondoe mabua yote shambani. Acha walau mstari mmoja kwa kila mitatu ulale ardhini.

Umefanikiwa ukifungua robota Februari na kusikia harufu ya majani makavu, si ya uvundo.

## Hatua ya 6: Ivisha samadi

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza kila kitu walichokusanya. Lundo lililoachwa juani na kwenye mvua linaonekana kubwa, lakini ubora wake umeruka hewani na kuzama chini. Ukilipeleka shambani unabeba nyuzi tu.

1. Tafuta kivuli. Chini ya mti au bati chakavu, ardhi iliyoinuka kidogo na kushindiliwa. Kwenye mvua nyingi usichimbe shimo, litajaa maji.

2. Panga kwa tabaka. Anza na vijiti na mabua makavu ili hewa ipite chini. Kisha matandiko na mavi ya kila siku, unene wa kiganja kilichonyooshwa, juu yake majani mabichi au palizi isiyo na mbegu. Endelea hadi mita moja na nusu kwenda juu. Upana nao mita moja na nusu, urefu utakavyo.

3. Pima unyevu kwa mkono. Kamata konzi ukamue. Ikitoka tone moja au mawili, ni sawa. Yakichuruzika, ongeza makavu. Ikisambaratika mkononi, nyunyiza mkojo uliochanganywa na maji.

4. Funika. Majani ya migomba wakati wa jua, turubai wakati wa mvua.

5. Chomeka kijiti. Kijiti kirefu kiingie hadi katikati. Baada ya wiki kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto na chenye unyevu, lundo linafanya kazi na mbegu za magugu zinakufa. Kikiwa baridi na kikavu, mwagia. Kikiwa baridi, kimelowa na kinanuka, pindua.

6. Pindua mara mbili. Wiki ya tatu na wiki ya sita. Cha nje kiingie ndani, cha ndani kitoke nje.

7. Usilifungue tena hadi miezi mitatu. Anzisha lundo la pili pembeni. La kwanza lifunge mwisho wa Mei, litakuwa tayari mwisho wa Agosti. La pili lifunge mwisho wa Novemba, litaiva mwisho wa Februari, masika yakikaribia.

Tahadhari. Usimwage majivu mengi wala chokaa kwenye lundo. Watu hufanya hivyo wakidhani wanaongeza nguvu, kumbe majivu huisukuma naitrojeni itoke hewani. Majivu yapeleke moja kwa moja kwenye mashina ya migomba. Wala usitupe humo mgomba wenye mnyauko, nyanya zilizooza au mifuko ya plastiki.

Umefanikiwa ukishika samadi nyeusi inayomomonyoka, yenye harufu ya udongo baada ya mvua ya kwanza, na hutambui tena lipi lilikuwa bua na lipi jani.

Samadi mbichi huunguza miche, huleta magugu na funza weupe wanaokata mizizi. Kama ni lazima uitumie mbichi, peleka kwenye mabingobingo, hayo yanaistahimili.

## Hatua ya 7: Gawa, kisha ishushe

Fanya hesabu bila kujidanganya. Kilo 20 kwa siku ni zaidi ya tani 7 za mavi mabichi kwa mwaka. Yakishaiva pamoja na matandiko unabaki na tani 3 hivi, au 4 ukiwa mwangalifu. Debe moja la samadi iliyoiva lina kilo 10 hadi 14. Samadi hiyo haitoshi kila mahali, na ukiitawanya kila mahali haitaonekana popote.

Mgawo ninaoutumia mimi ni huu.

Lundo la Agosti lote liende shamba la chini. Najua ugumu wake. Samadi ni nzito, barabara ni mbali, na gari ni gharama. Lakini fikiria gari linalopandisha mabua baada ya mavuno: likienda kuyachukua linashuka tupu. Panga na dereva apitie kwako kwanza apakie samadi. Safari umeshailipia. Ikaushe kivulini siku mbili ipungue uzito, ijaze kwenye viroba.

Kule chini ilundike mahali palipoinuka, funika kwa udongo unene wa kiganja na mabua juu yake, ikusubiri hadi kupanda. Itapoteza kidogo, lakini itakuwa imefika.

Siku ya kupanda usiimwage kama unalisha kuku. Weka viganja viwili vilivyojaa kwenye kila shimo, funika na udongo kidogo, ndipo mbegu. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo kama 9,000 na inakula karibu tani 2.7. Kwa hiyo tani moja na nusu uliyoishusha inatosha zaidi kidogo ya nusu ekari. Fanya nusu hiyo mwaka huu, mwakani nusu ya pili. Samadi ya shimoni huendelea kulisha msimu unaofuata.

Lundo la Februari ni la kihamba. Debe moja kwa kila shina la mgomba au mti wa kahawa, kuzunguka kwa duara hatua moja kutoka shina, chini ya matandazo. Na mara hii anza na migomba ya mbali. Ile ya nyuma ya banda ina akiba ya miaka mingi.

Mkojo wa kwenye pipa ni wa kipande cha majani. Changanya sehemu moja ya mkojo na tatu za maji, umwage kwenye mfereji kati ya mistari siku chache baada ya kukata, kisha ufukie. Ukiumwaga juu ya ardhi mchana wa jua, unarusha naitrojeni hewani.

Samadi ina upungufu wa fosforasi. Ukiona majani ya mahindi machanga yana rangi ya zambarau, ongeza mbolea ya fosfati ya Minjingu kwenye shimo, kifuniko kimoja cha soda, hasa kama udongo wako una tindikali. Na kama majani ya chini yanageuka njano kuanzia nchani kuingia katikati, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Kifuniko kimoja cha mbolea ya kukuzia kwa kila shimo, mahindi yakifika magotini, kitayarudisha. Samadi haikatazi mbolea ya dukani. Inaifanya isipotee, kwa kuwa udongo wenye samadi unashika maji na virutubisho.

## Kama una mbuzi au kuku tu

Mzunguko ni uleule. Mbuzi wajengee banda la juu lenye sakafu ya fito zenye mianya, samadi idondoke chini, na chini kuwe na matandiko na ukingo wa kuzuia mvua. Mbolea ya kuku ni kali zaidi. Ilundike ikiwa imechanganyika na maranda yao au majani makavu, iive kama wiki nane, na shimoni weka nusu ya kiasi cha samadi ya ng'ombe. Usimlishe ng'ombe mavi ya kuku, hata kama jirani anafanya hivyo.

## Jinsi ya kujua kama imefanya kazi

Siku ya kupanda shamba la chini, acha mistari miwili katikati ya ile nusu ekari bila samadi. Mbegu ileile, siku ileile, palizi ileile. Weka kijiti chenye kitambaa mwanzo na mwisho wa mistari hiyo.

Wiki ya sita simama hapo asubuhi, jua likiwa nyuma yako, utazame rangi ya majani pande zote mbili. Wakati wa kuvuna, kata mistari miwili ya vijiti na miwili ya jirani yake, piga kila fungu peke yake, upime kwa debe lilelile. Andika namba zote mbili kwenye ukurasa wa hatua ya kwanza, upande wa kulia wa shamba la chini, pale palipokuwa hapana kitu.